Divai ya Ouma, Mwaka kwa Mwaka

Tangu nirudi kutoka kule ziwani mmekuwa mkiniuliza, mmoja mmoja, safari ilikuwaje. Nimekuwa nikijibu kwamba barabara ni mbaya na samaki ni wengi. Yote mawili ni kweli, lakini najua sicho mlichouliza. Mlitaka habari za Ouma na divai yake, na mlitaka kujua kwa nini nimerudi sitaki kukaa na watu. Naandika mara moja, nisilazimike kusimulia kwa mdomo.

Kwa ambao hawamjui: Ouma na mimi tulisomea divai Bulgaria, Wakenya wawili katika darasa moja, enzi zile ambapo mtu alichukua kozi aliyopewa akashukuru. Tuliporudi, mimi niliajiriwa hapa Nakuru kwenye kiwanda cha maji ya matunda, na ndiko mnakonikuta. Ouma hakutafuta kazi. Alikwenda kwao Kisegi, Suba, akapanda mizabibu kwenye ardhi ya marehemu baba yake, mahali penye mteremko unaotazama ziwa. Tulimcheka. Kisha akaanza kukamua, akatoa divai nyekundu, na kila mwaka aliweka chupa chache kando bila kuziuza.

Mwaka huu wa tisini na saba alinipigia simu kazini. Laini ilikuwa ikikatika. "Mwakio," akasema, "njoo uonje miaka yangu yote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Na upitie kwa dada yangu kule Masara. Ana chupa zangu za miaka miwili." Nikadhani naitwa kwenye sherehe. Nikafunga glasi kwenye kisanduku, pamoja na kile kipimo changu cha kioo kinachoelea ndani ya divai, nikaondoka.

Nakuru hadi Masara

Basi lilikwenda vizuri hadi karibu na Awendo. Hapo lori la miwa lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, na mzigo wake umesambaa kote. Dereva wake alikuwa amekaa kando ameshika kichwa, mzima wa afya, akitazama watu wakibeba miwa yake mabegani kuipeleka majumbani. Sisi abiria tulishuka. Baada ya dakika chache nasi tulikuwa tunatafuna. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu alimwambia yule dereva, bila kuacha kutafuna, "Pole sana, mwanangu." Tulikaa hapo mpaka jua likageuka.

Migori nilichukua baiskeli ya abiria kwenda Masara. Mwendeshaji aliuliza kisanduku kina nini, nikamwambia vipimo. Nilijuta. Masara ni kwa wachimba dhahabu, na kabla sijashuka alikuwa amemwita jamaa yake, naye akawaita wengine, na nikazungukwa na wanaume wenye vumbi jekundu hadi kwenye kope.

"Buyer, unapima aje?" mmoja aliuliza. Akafungua kitambaa akanionyesha chembe ndogo, ndogo kuliko mbegu ya nyanya.

"Mimi sinunui dhahabu, ndugu yangu. Napima divai."

"Sasa wewe unaficha nini? Hiyo glasi si ya kuweka zebaki?"

Nilifungua kisanduku nikawaonyesha. Walitazama kile kipimo, wakapeana, wakakirudisha. Yule mwenye chembe alikunja kitambaa chake polepole. "Tumechimba tangu asubuhi," akasema, si kwa hasira, na wakatawanyika. Nilijihisi kama mtu aliyewadanganya, ingawa sikuwa nimedanganya.

Akinyi, dada yake Ouma, ana hoteli ya mabati pale sokoni. Alinipa ugali wa mtama na aliya, ile nyama ya kukaushwa juani ambayo ukiitafuna taya linachoka kabla ya tumbo kushiba. Alinitazama nikila.

"Wewe ndio Mwakio. Wewe ndio unaenda kumaliza hii maneno."

Nikacheka. "Nitamaliza, dada, wakinipa glasi kubwa."

Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na chupa mbili zimefungwa kwenye leso. Kwenye moja kulikuwa na 1993 kwa rangi nyeupe, kwenye nyingine 1994. "Aliniachia kwa sababu huko nyumbani wangevunja," akasema.

"Nani angevunja?"

"Shemeji, kula kwanza." Nilipomaliza alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, na kabla sijapanda alinishika mkono. "Ukifika, usianze kuangalia chupa. Angalia yeye kwanza."

Nilimwahidi. Ni ahadi rahisi kutoa ukiwa umeshiba.

Homa Bay

Nilikuwa nimepanga kuchukua boti Homa Bay. Nilipofika ufuoni sikuona maji. Gugumaji lilikuwa limefunika ghuba yote, kijani kibichi lenye maua ya zambarau, zuri ukilitazama kwa mbali, na katikati yake boti mbili zimekwama kama zimepandwa. Wavuvi walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi nchi kavu wakicheza ajua, ule mchezo wa bao. Niliuliza boti ya Kisegi ni saa ngapi. Mmoja alinyoosha kidole kwenye ile ya mbali zaidi. "Ndio ile. Ilitoka jana."

Nikatafuta chumba. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene mwenye sauti nyororo, wakimwita Mama Risper. Alinisaidia mizigo, akahisi chupa ndani ya leso.

"Hii ni nini?"

"Divai, mama."

Alisimama. Uso wote ulibadilika. "Padri! Kwa nini haukusema?"

Nilimwambia mimi si padri. Akatabasamu kama mtu anayejua unyenyekevu akiuona. Nilimwambia tena, nikamwambia nafanya kazi kiwandani, akaitikia "Ee, fadha," akaniletea samaki wa ngege mzima kwenye mchuzi wa nyanya, na maji ya moto ya kunawa. Nilipomaliza kula alikuwa amesimama mlangoni amefunga kitambaa kichwani.

"Kijana yangu yuko hapa nyuma. Hawezi kwenda kanisa. Dakika moja tu, fadha."

Nilimfuata huku bado nikikataa. Mwanawe alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha, mtu mzima wa umri wangu, amebaki macho na magoti. Ugonjwa wenyewe nyote mnaujua, na kule hakuna anayeutaja jina. Alinitazama, na nadhani yeye alijua mara moja kwamba mimi si padri. Lakini mama yake alikuwa ameshapiga magoti. Nikasali Baba Yetu, kwa sababu ndiyo sala pekee ninayoweza kuifikisha mwisho. Yule mgonjwa aliisali nami, midomo tu, na tulipomaliza akasema kwa Kiswahili safi, "Asante, bwana." Si fadha. Bwana.

Mama Risper alilia kwa furaha. Nililala vibaya.

Homa Bay hadi Kisegi

Asubuhi niliambiwa kuna lori la barafu linalokwenda Sindo kuchukua samaki. Dereva aliitwa Abdi, mtu wa Garissa, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alikubali kunibeba, akaniambia nitupe mizigo nyuma juu ya barafu. Kisha akauliza ni mzigo gani wa kioo.

"Divai," nikasema. Sikuwa nimejifunza kitu.

"Pombe?"

"Ya kuonja tu."

"Ya kuonja ni pombe, ya kunywa ni pombe. Kwenye barafu yangu haipandi. Hii barafu inaingia kwa samaki ya watu." Akazima injini ili tuzungumze vizuri. Tulizungumza sana. Mwishowe aliamua hivi: mimi ni abiria, na abiria akibeba dhambi yake mapajani, hiyo ni dhambi yake. Lakini isiguse kiti.

Kwa hiyo nilipita bonde la Lambwe na chupa mbili na kisanduku mapajani, mikono yote miwili imekumbatia kioo, barabara ikiturusha hadi kichwa kinagonga paa, na mbung'o wakiingia dirishani. Mbung'o wa Lambwe huuma hata juu ya suruali. Siku hiyo hawakuhitaji suruali, walikuwa na shingo yangu na mikono isiyoweza kupunga. Abdi alinipigia mmoja shingoni kwa kofi ambalo bado nalihisi. "Achia hizo chupa ujikune," akasema. Sikuachia. Nilikuwa najiambia kwamba Ouma atafurahi.

Kutoka Sindo nilipata pikapu ya bidhaa za maduka, na kutoka barabarani nilipanda mteremko kwa miguu.

Kisegi

Nilimwona Ouma kabla hajaniona. Alikuwa amesimama kati ya mizabibu akiwa amevaa koti, adhuhuri, jua kali. Nilimkumbuka mtu wa mabega mapana aliyekuwa akibeba mapipa peke yake chuoni. Koti lilikuwa la wakati ule. Sasa lingemtosha yeye na mwingine.

"Omera, ndugu yangu," akasema, akanikumbatia. Mwili ulikuwa wa moto. "Umeleta?"

"Nimeleta." Nilimwonyesha chupa, na hivyo ndivyo ahadi yangu kwa Akinyi ilivyokwisha. Tulizungumza juu ya kizibo, juu ya mtikisiko wa barabara. Niliuliza mkewe, Rosa, yuko wapi. Alinionyesha kwa kidevu kaburi la saruji karibu na nyumba. "Tulimzika mwanzo wa mwaka jana. Aliugua mwaka wote wa tisini na tano." Binti yao, Awino, wa umri wa kwenda shule, alikuwa anaanika omena juu ya wavu. Nilisema pole. Akasema, "Twende, wanangoja."

Sikuuliza ni akina nani. Tuliingia kwenye nyumba ya mapipa, banda la udongo lenye baridi kidogo, na humo nikakuta mabenchi ya kanisa yamepangwa na watu wamekaa kimya: mama yake Ouma, kaka zake wawili wakubwa, wazee wa ukoo, na naibu wa chifu amevaa kofia yake. Mezani kulikuwa na chupa nne. Ouma aliziongeza mbili zangu katikati.

Ochieng', kaka mkubwa, ndiye aliyesimama. Ni mtu wa maneno machache, mikono imepasuka kwa jembe.

"Bwana Mwakio, karibu. Ndugu yetu alituambia kuna mtu mmoja tu Kenya hii anaweza kujua kama hii kitu ni divai ama ni mchezo. Akasema tukungojee wewe. Ukisema ni nzuri, shamba linakaa hivi, ni lake na la mtoto wake. Ukisema si nzuri, tunang'oa, tunalima mahindi, tunagawana. Yeye mwenyewe alisema hivyo mbele ya mama. Ni kweli, Ouma?"

"Ni kweli," Ouma akasema. Hakunitazama.

Ndipo nilipoelewa maneno ya Akinyi. Nilitaka kusema sikuja kuhukumu mtu. Ochieng' aliendelea, bila kupandisha sauti: "Watoto wangu wananunua unga. Ng'ombe ya mama ilienda kwa mapipa. Tumengoja, hatukupiga mtu. Sema tu."

Nikatoa glasi. Nilifanya kama nilivyofundishwa, kwa sababu sikujua kufanya vingine.

Ya tisini na moja ilikuwa nyembamba, kali kama maji ya ukwaju, lakini safi. Divai ya mtu anayejifunza. Nilisema hivyo, na Ochieng' alitafsiri kwa mama yao. Ya tisini na mbili ilinuka pipa bovu. Nilisema hivyo pia, na yule kaka wa pili aliguna.

Ya tisini na tatu niliitia mdomoni. Niliimeza, jambo ambalo hatufanyi tukionja. Kisha nikafungua ya tisini na nne.

Marafiki, nimefanya kazi ya ulimi huu miaka mingi, mnanijua. Ile ilikuwa divai. Nyeusi kidogo, na joto la ule mteremko ndani yake, na ukali wake umekaa mahali pake, na baada ya kuimeza ilibaki na wewe. Hakuna mtu Kenya aliyewahi kunipa kitu kama kile kutoka udongo wetu. Nilimgeukia Ouma, nikamwambia kwa Kibulgaria, bila kufikiri, kwamba ni nzuri sana. Akafumba macho.

"Anasema nini?" Ochieng' akauliza.

"Nasema hii ingeuzwa popote duniani. Popote. Mwiteni mama aonje."

Mama yao aliletewa glasi. Alikunywa kidogo, akakunja uso, akasema neno moja kwa Kijaluo, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza. "Anasema ni chungu," Ouma alinitafsiria, naye akicheka. Naibu wa chifu aliomba yake. Hewa ililegea humo ndani. Niliona Ochieng' akitazama chupa ile kwa namna nyingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake anayemdharau ana cheo.

Kama ningeweka glasi chini hapo, nisingekuwa naandika haya.

Ya tisini na tano ilikuwa tamu, na chini ya utamu kulikuwa na moto. Sukari na pombe kali ya chang'aa. Nilifikiri nimekosea, nikaonja tena. Ya tisini na sita sikuhitaji hata kuionja. Ilinuka rozela ya kuchemsha, ile ya maua mekundu, na chang'aa juu yake. Hapakuwa na zabibu hata moja ndani ya chupa ile. Niliinua macho nikamwona Ouma ananitazama moja kwa moja sasa. Alitikisa kichwa kidogo sana.

Nilikasirika. Ni lazima niwaambie nilivyohisi: nilikasirika. Nilijiona nimeitwa toka Nakuru, nimeumwa na mbung'o, nimekumbatia chupa zake bonde zima, ili niwekwe mbele ya mama yake mzazi niseme uongo.

"Na hii ya mwisho?" Ochieng' akauliza. "Ni divai?"

"Hapana," nikasema.

Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani. Mama yao alilielewa. Nilianza kueleza: kwamba mwenye kutengeneza ile ya tisini na nne anaweza kutengeneza nyingine, kwamba mwaka wa ugonjwa nyumbani hauhesabiwi, kwamba mizabibu ingali pale. Nilieleza kwa muda mrefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyowaona wakianza kusimama. Ochieng' alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akamwambia mdogo wake, taratibu, "Ouma, umemwita mwenyewe."

Walipotoka tulibaki wawili. Ouma alikaa kwenye benchi, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Chini ya koti nilihesabu mifupa kwa kiganja.

"Wewe pia?" nikauliza.

"Sasa ndio unaona?" Alijifuta mdomo. "Rosa alikufa. Mwaka ujao mimi sipo. Awino ni msichana, Mwakio, hawatampa ardhi. Lakini shamba la divai, lenye mnunuzi, lenye jina lake kwenye chupa, wangeogopa kuligusa. Kuna wazungu kisiwani Takawiri walikunywa ile ya tisini na nne wakataka zaidi. Nilitaka uipitishe ile miaka miwili tu. Ungesema neno moja."

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Nilimwita rafiki yangu. Sikujua utakuja na ulimi tu."

Shambani

Asubuhi walikuja na majembe na ng'ombe wa kukokota. Nilidhani Ouma hatatoka, lakini alitoka na panga, amevaa lile koti, na akaomba akate wa kwanza mwenyewe. Walimwachia. Alikata mara mbili akachoka, akakaa chini kwenye udongo, na Awino akaja akakaa karibu naye.

Nilichukua jembe. Hakuna aliyeniambia nichukue, na hakuna aliyenikataza. Nilichimba na wale kaka hadi viganja vikachubuka. Natoka kwenye familia ya wakulima Taita, nimeng'oa mimea mingi iliyokufa, kwa hiyo nilijua nilichokuwa natafuta: mchwa, kuoza, udongo mbaya, chochote. Mizizi ilikuwa mizima. Ilikuwa minene kama mkono wa mtoto, imekwenda chini mpaka kwenye unyevu wa ziwa, na ilitoka ikiwa na maji. Mmoja ulihitaji ng'ombe wote wanne. Mizabibu ile ingeishi kuliko sisi sote tuliokuwa pale.

Ochieng' alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea kisanduku. Ouma nilimwacha palepale alipokaa. Nilimshika mkono, naye aliuacha ushikwe. Mambo ya Awino nilimwuliza Ochieng' njiani. "Ni mtoto wetu," akasema, akionekana kushangaa kwamba nimeuliza. "Atakula na wengine." Nilimwamini, na sikumwamini.

Pikapu ilipokuja alinipa furushi la majani ya migomba, zito. "Erokamano, asante, Mwakio," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Watu wengine wangetudanganya. Wewe ulisema ukweli."

Ndani mlikuwa na samaki mbuta wa moshi, ile minofu mikubwa ya tumbo. Ndiye mliyemkuta kwangu Jumapili ile, mkamla wote, mkauliza kwa nini mimi nakula ugali na chumvi.